Cherehani Inakata Uzi

Miaka yote ambayo Hidaya alitengeneza cherehani mbovu, mjini walimwita mke wa fundi tu. Sasa alikuwa ameandika makala yake ya kwanza ya mtandaoni, "Kanuni za Mvutano wa Uzi."

"Shangazi, nani atatafuta hivyo?" aliuliza Nasra, aliyekuwa akimchapia. "Kwani wateja husemaje?"

"Hulia tu: cherehani yangu inakata uzi, nifanyeje?"

Nasra akakifanya kilio hicho kichwa cha makala, akaiweka mtandaoni.

Siku ya nne Hidaya aliyatafuta maneno yale kwenye simu, kama mtu asiyejua kitu. Makala yake ikatangulia zote. Alipoifungua, chini yake mgeni alikuwa ameuliza: "Fundi, na yangu inayoruka mishono?"

Hidaya akafuta miwani, akasoma tena neno la kwanza, kisha akaisimamisha simu juu ya cherehani, ionekane kutoka barabarani.