Maua ya Mama Ngari

Chifu Rwamba alipofungua boksi lililotoka Embu, maua yalikuwa yamegeuka uji. Lori halikuwa na turubai, na ilikuwa Novemba. Maua yale ya karatasi, ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani, yalikuwa yameshikana bonge moja, na rangi yake yote nyekundu ikabaki mikononi mwa chifu.

"Bwana DC anakuja kesho," alimwambia mkewe Wawira, mama yake Ngari, huku akijifuta kwenye kaptura. "Nilimwahidi kila mama atavaa ua. Nani atamwambia yamelowa?"

"Aliyeahidi."

Chifu alipiga filimbi, akawakusanya wanawake langoni, kando ya mtaro wenye miti iliyochongwa ncha uliozunguka kijiji tangu Hali ya Hatari itangazwe.

"Kesho kila mwanamke avae ua jekundu kifuani. Asiye na ua hatatoka kwenda shambani wiki nzima."

Wanawake wakatazamana. Lango lilifunguliwa kidogo tu mchana, chini ya bunduki, na hapo ndipo mtu alipokimbilia viazi vitamu vya watoto. Chungu cha Wamuyu kilikuwa kitupu tangu jana.

"Chifu, nyekundu tutaitoa wapi?" aliuliza Wamuyu. "Chekundu hapa kijijini ni kilemba cha jogoo wako tu, na hakiwezi kututosha."

Watu wakacheka ndani ya shuka zao.

"Na tunamkumbuka nani?" aliendelea.

"Waliokufa vitani."

"Vita gani?"

Chifu alikohoa. "Vya Wazungu. Vile vya zamani."

Wamuyu akaikaza shuka yake. Mumewe alichukuliwa mwaka uliopita, na hakuna aliyewahi kumwambia alizikwa wapi.

Jioni, kabla ya filimbi ya kuingia ndani, Wawira aliwaita wanawake jikoni kwake. Alikuwa amewawekea chai, na kando ya birika kulikuwa na vipande virefu vya kitambaa chekundu, vimekunjwa vizuri. Sindano alikuwa nazo, na uzi pia.

Wamuyu alikishika kitambaa kile kwa vidole viwili, kama mtu anayeogopa kukichafua.

"Mama Ngari, umeikata nguo yako ya harusi kwa ajili yetu?"

"Shona, Mama Munyi. Chai inapoa."

Wakashona. Wawira naye aliketi pembeni na kazi yake mwenyewe, pasi ya mkaa ikipata moto miguuni pake, maana chifu alitaka koti, kaptura na bendera vinyooshwe kabla ya kesho. Walipomaliza, alimbandika Wamuyu ua lake kwa mkono wake mwenyewe.

"Mkumbuke unayemkumbuka," alimnong'oneza. "Ua halina mdomo."

Wamuyu alilishika lile ua mpaka akafika nyumbani.

Asubuhi Bwana DC alishuka kwenye Landrova, akakuta vifua vyote ni vyekundu. Alipita mstari mzima polepole. Alimpa mkono hata bibi mmoja aliyekuwa amebandika ua lake mgongoni, kwa sababu kifuani kulikuwa na mjukuu.

"Sijaona kijiji kama hiki," alisema kwa Kiswahili chake cha kupanda na kushuka. "Wiki hii lango likae wazi mchana kutwa."

Wamuyu alifumba macho kidogo. Chifu Rwamba alitanua kifua. Ua lake lilikuwa kubwa kuliko yote, pana kama sahani. Mkewe alimbandikia alfajiri, akalipapasa mara mbili likae sawa.

"Sasa baragumu likilia," DC alisema, "ni dakika mbili za kuwakumbuka. Asiseme mtu. Asitikisike mtu. Hata mimi."

Wawira alimkabidhi askari bendera ya Malkia, imekunjwa kwa unadhifu, upande wa bluu ukiwa juu. Kisha akarudi kusimama kati ya wanawake wenzake, karibu na Wamuyu.

Baragumu likalia. Kofia zikavuliwa. Chifu akapiga saluti.

Askari akavuta kamba. Bendera ikapanda mpaka juu, ikashika upepo, ikafunguka yote: bluu na nyeupe, imeshonwa vizuri, imenyooka kwa pasi, haina hata uzi mmoja mwekundu.

Hakuna aliyesema. Chifu Rwamba, mkono bado ukiwa kwenye paji la uso, aliteremsha macho polepole hadi kifuani mwake.