Mwalimu Alipita Bila Salamu

Alibisha hodi mara ya pili, huku moyoni akiomba mlango usifunguliwe.

Ulifunguliwa. Mjane wa mwalimu alimkazia macho kidogo, kisha akasogea pembeni. "Ni wewe, mtunzi. Karibu, mwanangu."

"Pole sana, mama. Habari za msiba zilinifikia nimeshachelewa."

Alimkalisha mkabala na piano iliyofunikwa kitambaa. Ndiyo piano aliyojifunzia ujanani: kusoma nota, kupanga sauti za fidla, kunyamaza panapostahili. Mwalimu alitaka awe mtu wa okestra, wa muziki wa klasiki wa watu walionyamaza kusikiliza.

Okestra hazikumtaka. Alipiga piano hotelini, watu wakitafuna. Akatunga tangazo la sabuni, watoto wakaliimba mitaani. Kisha sinema zikamwita: katuni, vichekesho, mapenzi, mizimu. Mwalimu aliposikia, alimtupia neno lililomkaa kooni kama mwiba: "Umesoma kote huko ili upige ngoma mlango ukifunguka kwenye sinema?"

Tangu hapo walionana mara moja tu, kwenye onyesho la kwanza la filamu yake moja. Mwalimu alikuwa anashuka ngazi za ukumbi, amemshika mkewe mkono. Mama alikuwa ameinama, anaangalia wanapokanyaga. Mtunzi alitabasamu kutoka chini, akainua mkono. Mwalimu alimwelekezea uso, akapita kama mtu anayepita nguzo.

Siku ile kitu kilikatika ndani ya mtunzi. Alijifungia katika chumba chake cha kazi, kuta zimebandikwa trei za mayai kuzuia sauti. Hakuna kelele iliyotoka, wala mgeni aliyeingia. Mkewe alifunga mizigo, akisema amechoka kuolewa na spika. Tuzo zilipokuja alizipokea, akarudi nyumbani kula peke yake, amesimama jikoni.

Sasa alikizungusha kikombe cha chai bila kunywa.

"Mama, najua alinionea aibu. Lakini aliwahi kusikiliza hata filamu yangu moja?"

"Moja?" Mama alicheka kwa huzuni. "Zote. Tulikuwa tunakaa nyuma kabisa. Hata ile ya mizimu, na mimi mwoga hivi!"

Kikombe kilitulia mkononi. "Mbona hamkuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ukijua, utaanza kumtungia kwa huruma."

"Huruma ya nini?"

Mama alimtazama kwa muda, kama anayepima kama marehemu bado anamdai siri ile.

"Mwenzangu alikuwa haoni, mwanangu, miaka na miaka. Kila nikitaka kumnong'oneza kinachoendelea kwenye picha, ananifinya: 'Nyamaza, mke wangu, usinisimulie. Kijana wangu ananisimulia.'"