Kopo la Asajile

Jeneza la mumewe lilikuwa bado sebuleni. Mama akampelekea mwanawe Asajile sahani ya ndizi na nyama.

"Nafanya mazoezi, mama. Nakula nilichopika mwenyewe." Akafungua kopo lenye kidari cha kuku wa kuchemsha, kikavu kama gunzi.

Wachimba kaburi waliokuwa wakila pembeni wakaacha kutafuna.

"Waliopika ni wake zetu," alisema mkubwa wao. "Umeona watakulisha sumu, baba?"

"Hapana, mzee, ni mafuta tu..."

Mama akamwomba Mungu kimoyomoyo, akaivuta sahani, akala tonge juu ya tonge, wote wamwone. Kesho Asajile angerudi Dar. Yeye angebaki hapa kijijini Masoko na watu hawa.

Alipoinua uso, majembe yalikuwa yameshapanda mabegani mwa wachimbaji wanaoondoka, na kaburi lilikuwa bado la kina cha magoti.