Isilowe Hata Tone

Uvumi huo ulikuwa umemganda Helen kama kupe: eti kuna msichana wa Sindo alipata kazi kisiwani, laptopu yake ikaingia maji kwenye boti, na wiki hiyohiyo akarudishwa kwao. Sasa anaparua samaki ufuoni.

Na sasa Robi, bintiye, alikuwa amepata kazi kama hiyo katika kisiwa cha Mfangano, kuandikisha wavuvi. Kila mwajiriwa aje na kifaa chake.

Dukani mjini Migori, Joash muuzaji alimpangia Helen vifaa vitatu mezani.

"Mathe, hiki ni cha kusoma vitabu tu. Chepesi, chaji inakaa wiki. Lakini kuandika, wapi! Tableti ndiyo ya safari. Laptopu ni ya mtu wa kukaa ofisini."

Robi alichukua tableti, akaitia kifuani, ndani ya sweta. "Ona, mama. Hata nikivaa jaketi la kuelea, inaingia chini yake. Mikono iko huru."

"Hiyo ni simu iliyonenepa," Helen alisema. "Watadhani nimewatumia mtoto wa shule."

Joash alicheka. Robi hakucheka.

Ndama alikuwa ameshauzwa kwa ajili ya kifaa hicho, na Helen hakutaka kubahatisha. Walitoka na laptopu, nzito kama jiwe la kusagia, ndani ya mfuko wa kitambaa.

Siku ya safari alimsindikiza Robi hadi ufuo wa Sindo. Robi, mtoto wa Uriri aliyekulia kwenye mahindi, aliyatazama maji kama mtu anayetazama ng'ombe mkali. Caleb, mwenye boti, aligawa majaketi, moja kwa kila abiria.

"Vaa, dada. Kaza kamba zote tatu. Ziwa leo limeamka vibaya."

"Na laptopu je?" Helen aliuliza.

"Mama, jaketi ni la watu."

Helen alimvuta Robi kando, akamshika shavu. "Umesikia ya yule msichana. Hata ukifa, hii isilowe."

"Haya, mama. Haitalowa hata tone."

Kesho yake mchana Caleb alifika Uriri kwa pikipiki, akiulizia kwa Mama Robi. Alikuwa amekumbatia furushi lililofungwa kwa kamba tatu. Helen alijua papo hapo: mtoto amesahau laptopu botini.

"Imelowa?"

"Hapana, mama."

"Inawaka?"

Caleb alifungua kamba, akamkabidhi. Helen alibonyeza. Kioo kikawaka.

"Asante Mungu," alisema, akamvutia Caleb kiti. Caleb hakukaa.

Siku hizi, mama yeyote akimnunulia mtoto kitu cha safari, Helen humwambia haya:

Usinunue kizito kwa sababu tu kinaonekana cha maana.

Usichukue kisichoingia kifuani, chini ya jaketi.

Usimtishe mtoto kwa maneno ya sokoni.

Usiseme "hata ukifa". Hata kwa mzaha.

Na mtu wa boti akikuletea laptopu kavu, imefungiwa ndani ya jaketi alilolivua mtoto wako, usimuulize kwanza kama inawaka.