Boneti Yenye Moto

Bi Mwanakheri alikuwa ameuza shamba la marehemu mumewe apate gari la kubebea watoto wa shule. Akikosea leo, hana shamba la pili. Pale kwenye yadi ya magari, lile la haibridi, la petroli na umeme, lingekula mafuta kidogo, ila bei ilimshinda. Akaweka kiganja juu ya boneti ya lile la petroli tupu.

"Hilo linawaka mara moja, mama," alisema Shebe, muuzaji.

"Mbona lina moto, na mimi ndiyo kwanza nafika?"

"Nilikupashia moto."

"Gari husema kweli likiwa baridi, mwanangu. Nipe ufunguo. Nikishaswali, limeshapoa, utaliwasha."

"La haibridi nakushushia bei, basi."

"Kumbe yashuka."

Mkono wa Bi Mwanakheri ulibaki umenyooka kuungoja ufunguo. Adhana ya alasiri ikaanza, na Shebe bado ameufumbata ngumini.