Nafasi ya Mofiz

Mama alikuwa akiparua samaki uani alipomwona kijana wa jirani akiingia peke yake. Kijana huyo na Mofiz, mwana wa mama, walikwenda vitani pamoja, kuchochea makaa katika meli ya Waingereza.

“Mwenzako yuko wapi? Au bado anajipodoa Kalkuta, maridadi yule?”

Kijana akapiga magoti, akamshika miguu. “Mama, meli ilipigwa kombora, ikazama. Mashua ilikuwa imejaa. Mofiz aliniona naelea, akashuka majini, akaniachia nafasi yake.”

Mkono wa mama ukainuka, magamba yamemganda vidoleni. Kijana akafumba macho, akingoja kofi.

“Umekula?”

“Bado, Mama.”

Mama akanawa, akapakua wali, akamlisha tonge kwa tonge, huku machozi yakimdondokea sahanini.