Kikombe cha Talam

Kila mwaka, siku moja kabla ya marathoni ya Jiji, mtambo hutazama upya picha zote za mbio za zamani na kutoa matokeo mapya. Uamuzi wake haukatiwi rufaa. Anayeshushwa hurudisha medali.

Kimosop alishinda mbio hizo miaka thelathini na mmoja iliyopita. Simu ilipolia, mkewe Tabutany alisoma ujumbe mara mbili ndipo akaketi.

"Baba Jebet, wewe bado ni wa kwanza."

Kimosop alicheka hadi akakohoa. Tabutany akatoa kibuyu cha mursik, maziwa ya kumpokea mkimbiaji, akajaza vikombe viwili kama kawaida yao. Kimoja kilikuwa cha mumewe. Kingine kilikuwa cha Talam, aliyemaliza wa pili mwaka ule. Talam hana simu, kwa hiyo kila mwaka huja kwao kusikia matokeo na kunywa.

"Na Talam?"

Tabutany akapitia orodha yote. "Hayupo. Wanasema hakukimbia."

"Hakukimbia vipi? Nilimsikia akihema mgongoni mwangu kuanzia daraja la reli hadi kwenye utepe."

"Nyamaza. Ukibisha watakupima upya na wewe."

Kimosop akachukua kikombe chake. Alijisikia mwepesi bado, na hilo lilimtia haya kidogo.

"Hodi," Talam aliita langoni, sauti yake imechangamka. "Tumepona tena mwaka huu?"

"Tumepona," Kimosop akajibu.

Tabutany alikuwa ameshaanza kurudisha maziwa ya kikombe cha pili kibuyuni.